Mbasa Apandapo Mto: Majina ya Samaki wa Ziwa Nyasa na Mipaka ya Msamiati wa Kiswahili

1. Utangulizi



Msamiati wa samaki katika Kiswahili ulizaliwa baharini. Changu, chewa, tasi, nguru, kolekole, mwatiko na majina mengine mengi ya aina hiyo yalitungwa na watu walioishi kandokando ya maji ya chumvi, wakajua kwa macho na kwa mikono samaki yupi hukaa katika matumbawe, yupi hula majani ya baharini na yupi hupita katika maji makuu kwa msimu. Mabaharia, wamisionari na watunga kamusi wa karne ya 19 na ya 20 waliyakusanya majina hayo kwa bidii. Kamusi ya Padri Charles Sacleux, iliyochapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941, yajulikana hata leo kwa utajiri wake wa majina ya mimea na ya viumbe wa pwani.

Swali la mhadhara huu ni hili: lugha iliyojifunza samaki wake baharini hufanya nini inapofika katika ziwa lililo mita 474 juu ya usawa wa bahari, lenye mamia ya spishi za samaki ambazo hazipatikani kwingineko duniani? Mahali palipochaguliwa kulijibia swali hilo ni Ipinda, katika Wilaya ya Kyela, kwenye njia itokayo mjini Kyela kwenda Matema. Ipinda haipo ukingoni mwa ziwa. Ni soko la nyanda za mpunga, kakao, migomba na michikichi. Samaki hufika hapo akiwa ameshatoka majini, na kwa hiyo hufika akiwa bidhaa na akiwa jina. Sokoni, jina ndilo linalomtambulisha samaki kwa mtu asiyemwona akiogelea. Jina likikosewa hapo, kosa huendelea hadi katika daftari la ushuru, katika takwimu za wilaya na katika sheria.

Kati ya samaki wa ziwa hilo, mhadhara utamfuata mmoja zaidi ya wenzake: mbasa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mbasa ni samaki wa chakula mwenye heshima kubwa katika mwambao wote wa kaskazini. Ya pili ni kwamba maisha yake, ambayo hupita ziwani na mitoni, yanadai maneno ambayo Kiswahili cha pwani hakikuwa na haja ya kuyatunga.

2. Ziwa na makazi yake

Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilomita 580 na kina cha takriban mita 700. Hata hivyo, kina hicho kisimdanganye msomaji. Maji ya ziwa hili hayachanganyiki kikamilifu kutoka juu hadi chini. Oksijeni hupungua kadiri mtu ashukavyo, na chini ya kina cha mita 200 hadi 250 hivi haipo kabisa. Samaki wote, kwa hiyo, huishi katika tabaka la juu, nalo ni kama theluthi moja tu ya kina cha ziwa mahali palipo na kina kirefu zaidi. Pepo za kusini-mashariki, ziitwazo mwera katika Kichewa, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, huyasukuma maji ya juu na kuyainua yale ya chini yenye rutuba. Rutuba hiyo hulisha mimea na wadudu wadogo wa majini, nao hulisha samaki wadogo, na samaki wadogo hulisha wakubwa.

Katika ncha ya kaskazini pana mandhari mbili zinazokutana Matema. Upande wa magharibi na wa kaskazini upo uwanda wa Kyela, wenye fukwe za mchanga na matope, ambako mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huingia ziwani. Upande wa mashariki milima ya Livingstone hutumbukia majini moja kwa moja, na ukingo wake ni mawe. Tofauti hiyo ya ukingo ni tofauti ya samaki. Penye mawe hukaa samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao dunia nzima huwaita mbuna. Penye mchanga na majani hukaa jamii ya perege, ambao kwa Kichewa huitwa chambo na kwa wakazi wengi wa upande wa Tanzania huitwa magege. Dume lao huchimba kiota katika mchanga, na jike huyachukua mayai na kuyatunza kinywani mpaka watoto waweze kujitegemea. Chini, katika maji ya kina, huwinda mbufu, kambare mkubwa ambaye Malawi humwita kampango. Jike la mbufu hutaga mayai yasiyorutubishwa ili yawe chakula cha watoto wake, tabia iliyo nadra sana miongoni mwa samaki. Na katika maji ya wazi, mbali na ukingo, huzunguka makundi ya usipa, na nyuma ya usipa humfuata mbasa.

3. Maisha ya mbasa

Mbasa aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1864, Albert Günther alipoeleza mjini London mkusanyo wa samaki na wanyama watambaao walioletwa na Dakta John Kirk kutoka Zambezi na Nyasa. Kirk huyo alikuwa katika msafara wa David Livingstone uliofika ziwani mwaka 1859. Wanafunzi wa historia ya Zanzibar watamkumbuka kwa jambo lingine, maana ndiye aliyekuwa Balozi wa Uingereza wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Jina la kisayansi la mbasa leo ni Opsaridium microlepis. Sehemu ya pili ya jina hilo, yenye asili ya Kiyunani, maana yake ni "mwenye magamba madogo".

Umbo lake ni refu na lililobanwa ubavuni, rangi yake ni ya fedha, kinywa chake ni kipana. Hukua hadi kuzidi sentimita 40. Angali mdogo hula viumbe vidogo vielavyo majini na wadudu. Akikomaa huwa mwindaji wa samaki, na usipa ndiye mawindo yake makuu.

Jambo linalomtenga mbasa na wengi wa wenzake ni uzazi. Samaki wengi wa ziwa hili huzaliana humohumo ziwani. Mbasa huuacha upana wa ziwa, hukusanyika katika midomo ya mito wakati wa mvua, kisha hupanda dhidi ya mkondo akitafuta maji maangavu, yaendayo kasi, yapitayo juu ya changarawe. Humo ndimo anapotaga. Changarawe huyahifadhi mayai, na maji yaendayo kasi huyapelekea oksijeni. Baada ya kuanguliwa, watoto hushuka na mkondo hadi ziwani. Safari hiyo hufanyika katika mito ya pande zote za ziwa: Songwe iliyo mpaka wa nchi mbili, mito ya uwanda wa Kyela, Ruhuhu upande wa mashariki, na Bua na Linthipe upande wa Malawi.

Yafuatayo ni matokeo ya maumbile hayo. Samaki anayezaliana katika ziwa zima ana milango mingi, bali mbasa ana milango michache tu, nayo ni midomo ya mito. Wavu ukitandwa katika mdomo wa mto wakati wa mvua huwanasa wazazi kabla hawajataga. Mgono na uzio vikizuia mto mzima hufanya vilevile. Utupa, ule mmea wa sumu ambao wavuvi wa Afrika Mashariki wameutumia tangu kale, huua wakubwa na wadogo pamoja. Na hata pasipo mvuvi, kilimo cha miteremkoni na kingoni mwa mto hushusha udongo unaozifunika changarawe, na yai lililofunikwa na tope hukosa hewa likafa. Ndiyo sababu Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira umemworodhesha mbasa miongoni mwa spishi zilizo hatarini.

4. Mbasa na mpasa

Upande wa Malawi samaki huyuhuyu huitwa mpasa. Yamkini msikilizaji akadhani kwamba hapa yapo majina mawili. Mwanafonolojia ataona jina moja lililovaa mavazi mawili.

Katika Kinyakyusa, vipasuo visoghuna hugeuka kuwa ghuna vinapotanguliwa na nazali. Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno la kumtaja binadamu. Kichewa husema munthu, wakati Kinyakyusa husema umundu, na wingi wake ni abandu. Pale ambapo lugha nyingine huwa na -nt-, Kinyakyusa huwa na -nd-. Kwa kanuni hiyohiyo, pale ambapo lugha nyingine huwa na -mp-, Kinyakyusa hutarajiwa kuwa na -mb-. Hivyo mpasa akivuka Songwe kuelekea kaskazini huwa mbasa, na hahitaji kibali cha uhamiaji. Kiswahili cha Kyela, na baadaye Kiswahili cha wafanyabiashara na maofisa wa uvuvi, kimelipokea umbo lile lililopita katika koo za Wanyakyusa.

Jambo hili ni dogo kwa sauti na kubwa kwa maana. Tangu mwaka 1967 Tanzania na Malawi zimekuwa na mgogoro juu ya mpaka wao ziwani, mgogoro ambao mizizi yake ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Ziwa lenyewe lina majina matatu rasmi: Nyasa kwa Tanzania, Malawi kwa Malawi, Niassa kwa Msumbiji. Jina Nyasa nalo ni neno la kienyeji lenye maana ya ziwa au maji makuu, na asemaye "Ziwa Nyasa" husema "Ziwa Ziwa". Katikati ya tofauti hizo, jina la samaki limebaki moja, na kanuni ya sauti ndiyo inayolithibitisha. Atakayelinganisha takwimu za nchi hizi mbili bila kuijua kanuni hiyo aweza kuwahesabu samaki wa jamii moja kuwa spishi mbili.

Inafaa pia kukumbuka neno la jumla. Kinyakyusa humwita samaki iswi. Neno hilo lina nasaba na nswi, jina la kale la samaki katika Kiswahili chenyewe, ambalo samaki, neno lenye asili ya Kiarabu, limelisukuma kando hadi likabakia katika kamusi na katika lugha ya washairi. Mswahili aliyelisahau neno nswi akifika Ipinda hulikuta neno hilo limevaa kiambishi kingine na lingali likitumika kila siku.

5. Dagaa ni nani?

Kama mbasa ni mfano wa jina lililopokewa kutoka kwa wenyeji, dagaa ni mfano wa jina lililotumwa kutoka pwani. Pwani, dagaa ni samaki wadogo wa bahari. Dagaa mcheli na dagaa papa ni wa oda ya Clupeiformes. Katika Ziwa Tanganyika, jina dagaa lilikabidhiwa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambazo kwa bahati njema nazo ni za oda hiyohiyo. Katika Ziwa Viktoria, dagaa ni Rastrineobola argentea, yule ambaye Kenya humwita omena na Uganda humwita mukene. Huyu si wa nasaba hiyo hata kidogo. Yeye ni wa oda ya Cypriniformes. Na katika Ziwa Nyasa yupo usipa, Engraulicypris sardella, naye ni wa oda hiyo ya pili.

Kwa maneno mengine, dagaa si jina la ukoo. Ni jina la umbo na matumizi: samaki mdogo, mwenye rangi ya fedha, avuliwaye usiku kwa taa kwa makundi, aanikwaye juani na kuuzwa kwa kipimo. Sarufi yenyewe inatoa ushahidi. Mzungumzaji atasema "dagaa hawa" akiwatazama majini, bali akiwatazama gunia au fungu sokoni husema "dagaa hizi". Upatanisho wa kisarufi unahama kutoka kwa kiumbe kwenda kwa bidhaa. Changu hapewi daraja hilo kwa wepesi, kwa kuwa huuzwa akiwa mmoja mmoja na huhesabika.

Usipa amelikataa jina la dagaa, au angalau hajalikubali kikamilifu. Amebaki na jina lake. Umbo lake lenye u- ya mwanzo humkumbusha msikilizaji nomino za wingi usiohesabika, mfano wa unga na uji, na hilo lalingana vema na samaki avuliwaye kwa maelfu. Maisha ya usipa ni mafupi, takriban mwaka mmoja, na idadi yake hupanda na kushuka sana kutoka mwaka hadi mwaka. Mayai na watoto wake huelea katika maji ya wazi. Tofauti na mbasa, hana mlango wa mto unaoweza kufungwa kwa wavu.

Wala isidhaniwe kwamba kupeleka majina ya bahari ziwani ni udhaifu wa Waswahili peke yao. Günther alipompa usipa jina sardella mwaka 1868 alimfananisha na samaki mdogo wa Bahari ya Mediterania. Jina la jenasi, lililokuja baadaye, limeunganisha jina la Kiyunani la dagaa mcheli wa Ulaya na jina la jamii ya samaki wa maji baridi. Walowezi wa Kiingereza nao walipomwona mbasa akipanda mto walimpa jina la samaki mashuhuri wa mito ya kwao, yaani samoni, ingawa hawana undugu wa karibu. Kila lugha inapoingia katika maji mageni huanza kwa kufananisha. Tatizo huja pale inapokoma hapo.

Lugha za ziwa nazo zimewahi kutoa. Neno mbuna limeenea duniani kote miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Utaka, jina la kundi la samaki wa rangi ya samawati waogeleao karibu na mawe, limo katika maandishi ya wanasayansi. Ethelwynn Trewavas alipoainisha jamii ya chambo mwaka 1941, spishi mojawapo aliipa jina lidole, neno alilolichukua kutoka kwa wavuvi, na nyingine akaiita karongae kwa heshima ya Karonga, mji ulio jirani na Kyela ng'ambo ya Songwe. Ikiwa Kilatini cha wanasayansi kimeona fahari kukopa kutoka mwambao huu, hakuna sababu ya Kiswahili sanifu kuona haya.

6. Maneno ya maji yasiyokupwa

Kiswahili hakikufika kaskazini mwa Nyasa na Wajerumani. Kilitangulia na misafara ya biashara. Tangu miaka ya 1840 Jumbe, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alikuwa ameweka makao Nkhotakota, na majahazi yakawa yanavuka ziwa. Karibu na Karonga, Mlozi alijenga ngome yake na kupigana na Wangonde na Kampuni ya Maziwa ya Kiingereza kuanzia mwaka 1887 mpaka aliponyongwa mwaka 1895. Biashara yenyewe, ya pembe na ya watu, ilikuwa na madhara makubwa, na ni sehemu ya historia ya lugha ambayo haifai kufichwa. Pamoja na madhara hayo yaliletwa maneno ya chombo: tanga, mlingoti, nahodha.

Maneno ya chombo yalifaa. Maneno ya maji hayakufaa yote. Neno pwani lina asili katika kitenzi kupwa, na pwani ni mahali pa maji yapwayo. Ziwa halipwi wala halijai kwa mwezi kama bahari. Bamvua na maji mafu, maneno ambayo mvuvi wa Pemba hupangia wiki yake, hayana kazi Matema. Kusi na kaskazi, zilizokuwa pepo kabla ya kuwa pande za dunia, haziratibu uvuvi wa ziwani kama zinavyouratibu wa baharini. Ndiyo maana "pwani ya Ziwa Nyasa", ijapokuwa husemwa, hulitia neno kazi lisiyoizoea, na mwambao au ufukwe hufaa zaidi.

Badala yake, kalenda ya mvuvi wa Kyela ni mvua. Wilaya hii ni miongoni mwa zile zipatazo mvua nyingi kuliko nyingine nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake nyingi. Mto ukijaa, rangi ya maji hugeuka na mbasa hukaribia mdomo wake. Maarifa hayo yamehifadhiwa katika Kinyakyusa cha uwanda na katika Kikisi, lugha ya wavuvi na wafinyanzi waishio chini ya milima ya Livingstone, ambao vyungu vyao huuzwa Matema na kusafirishwa mbali. Kikisi ni lugha ya watu wachache. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulifanya kazi ya kupigiwa mfano ya kukusanya msamiati wa lugha za aina hiyo. Kamusi ya Knut Felberg ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka mwaka 1996, nayo ni hazina. Hata hivyo, msamiati wa uvuvi hauwezi kukusanywa mezani. Hukusanywa mtumbwini na mtoni, tena kwa msimu, maana neno la kumtaja mbasa apandaye mto halisemwi wakati wa kiangazi.

7. Jina, sheria na takwimu

Yapo watakaouliza: je, haya si mambo ya wanaisimu tu? Jibu lipo katika sheria. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009, zinakataza sumu, baruti na kokoro. Sheria huandikwa na kusomwa kwa lugha, na hutekelezwa na watu wanaoambizana kwa majina. Katazo la "samaki wachanga" halimsaidii mlinzi wa rasilimali asiyeweza kutofautisha mtoto wa mbasa na samaki mwingine mdogo aliyekomaa. Vyote viwili vikiingia katika fungu moja na kuitwa "dagaa", mtoto wa samaki mkubwa huuzwa kwa uhalali wa jina la mwingine.

Mfano mwingine ni kufunga uvuvi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Hatua kama hiyo huhesabu siku kwa kalenda na hulenga ziwa zima. Kwa mbasa, swali lingekuwa tofauti: si ziwa zima bali mdomo gani wa mto, na si mwezi gani tu bali mvua ipi. Kanuni ya namna hiyo haiandikiki pasipo maneno sahihi ya kutaja mahali pa kutagia, aina ya changarawe, kima cha maji na hatua ya maisha ya samaki. Maneno hayo wavuvi wanayo. Kiswahili cha ofisi bado hakijayaomba.

Kyela kina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1980. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967. Ni busara taasisi hizi mbili zikae meza moja, kila moja na utaalamu wake: moja impime samaki, nyingine ilisikilize jina lake.

8. Fasili ya kamusi

Udhaifu wa muda mrefu katika leksikografia ya Kiswahili ni fasili isemayo "aina ya samaki" na kuishia hapo. Fasili hiyo si ya uongo, ila haina faida. Anayelijua neno haimwongezei kitu, na asiyelijua haimtoi gizani. Toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lilitoka mwaka 1981, la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013, na katika kila hatua kazi imepanuka. Ni haki kutarajia kwamba majina ya samaki wa maziwa yatapewa uzito sawa na yale ya baharini.

Mhadhara huu unapendekeza kidahizo kifuatacho kama mfano:

mbasa nm [a-/wa-] samaki wa maji baridi wa Ziwa Nyasa, mrefu, aliyebanwa ubavuni, mwenye rangi ya fedha na magamba madogo, akuaye hata kuzidi sentimita 40. Mla samaki, hasa usipa. Huishi ziwani na hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga katika changarawe. Pia mpasa (upande wa Malawi).

Maneno hayo hayafiki hamsini, lakini yanabeba nasaba ya jina, makazi, chakula na uzazi. Mwanafunzi wa Ipinda atakayeifungua kamusi ataukuta mto wa kwao ndani yake. Mwanafunzi wa Tanga atajua kwamba lugha yake ina samaki asiyemjua. Na ofisa atakayeandika kanuni atapata, katika neno "changarawe", fununu ya kinachopaswa kulindwa.

Kuhusu ngeli, inapendekezwa upatanisho wa viumbe hai ushikwe katika maandishi ya sayansi na sheria, hata kwa samaki wadogo: "usipa hawa", "dagaa hawa". Upatanisho wa bidhaa uachiwe soko, ambako una maana yake na uzuri wake. Kuusahihisha huko ni kazi bure.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiswahili kilipofika Ziwa Nyasa kilitumia njia mbili. Kilinyoosha majina ya pwani, kama ilivyokuwa kwa dagaa, na kilikopa majina ya wenyeji, kama ilivyokuwa kwa mbasa, usipa na mbufu. Njia ya kwanza ni ya haraka na huunganisha nchi, kwani mtu wa Mwanza, wa Kigoma na wa Bagamoyo huelewana wote wakisema dagaa. Njia ya pili ni ya polepole na hutunza maarifa. Lugha ya taifa inazihitaji zote mbili, na kosa ni kuiacha ya kwanza iimeze ya pili.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Lugha ya sayansi ya Kiswahili ingali mbichi katika uwanja huu, na inakunjika. Jina la mbasa lingalipo katika vinywa vya watu wa Kyela, na mbasa mwenyewe angali akipanda mito, ingawa mito hiyo inajaa tope na midomo yake inatandwa nyavu. Ikiwa samaki atatoweka kwanza, jina litabaki kuwa neno la kamusi, kama nswi. Ikiwa jina litatoweka kwanza, likimezwa na neno pana lisilobagua, samaki atatoweka bila mtu kuandika katika daftari lolote kwamba aliyetoweka ni yeye. Kati ya hasara hizo mbili, ya pili ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa wanaisimu kuizuia. Kazi yake huanza kwa kwenda mtoni wakati wa mvua, na kuuliza.